Karatasi Kwanza, Jembe Baadaye

Ukija Vanga maji yakiwa yametoka, ushuke pwani ufuate ukingo wa mikoko, utakutana na nguzo nne za simiti. Zimesimama tu. Hazijabeba paa wala ukuta. Juu anatua kunguru, chini kaa wamechimba mashimo yao, na watoto wakitoka madrasa jioni wanazifanya goli. Wageni walionijua kwa video zangu wakifika hapo, swali la kwanza ni hilo hilo: "Dada, hii ilikuwa iwe nini?"

Ilikuwa iwe nyumba ya barafu. Na mmoja wa waliofanya ibaki nguzo nne ni mimi.

Leo sina vichekesho. Hii stori nimeikwepa muda mrefu manake inaniumbua, lakini kila wiki naona vijana wenzangu wa Kwale, Kilifi, Mombasa wakiposti miradi yao: banda la kufugia samaki, vibanda vya utalii, karakana ya maboti. Hongera nyingi kwenye komenti. Hakuna anayeuliza, "Leseni ya mazingira mnayo?" Basi acha niulize mimi, mwenye kovu.

Mamangu ni mama karanga. Kwa ndugu wa bara wasiojua, mama karanga ni mwanamke anayenunua samaki pwani, anawakaanga na kuwauza. Msimu wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia, samaki wanakuja wengi mpaka bei inaanguka. Huna barafu, utafanyaje? Unamuuzia tajiri aliyekuja na gari lake la barafu kutoka Mombasa, kwa bei anayoitaka yeye. Anajua ikifika saa kumi wewe ndo utamfuata. Nimekulia kwenye hesabu hiyo. Nimeenda shule na hesabu hiyo.

Kwa hiyo tulipoungana vijana kumi na sita tukatafuta mfadhili wa kutujengea chumba cha barafu, kwangu ilikuwa kama kulipa deni la mama. Mfadhili akakubali. Pesa zingekuja mara mbili. Sehemu ya kwanza, ndogo, ya kutayarisha: ramani, vibali, vikao na watu wa kijiji. Sehemu ya pili, kubwa, ya kujenga.

Sasa angalia akili zetu. Tulikaa kikao, tukasema pesa za kutayarisha ni za kupoteza. Vikao na nani, wakati sote ni wenyeji? Vibali vya nini, wakati tunajenga chumba kimoja? Fundi wetu akatuvunja mbavu: "Anzeni nyinyi, leseni itawakuta kwenye paa." Tukanunua simiti, kokoto na vyuma. Tukachagua pahali karibu na maboti yanapopaki. Siku ya kumwaga msingi nikarekodi video, nikaweka na mziki. Katika video zangu zote mpaka siku hiyo, hiyo ndo ilitazamwa zaidi.

Mmoja wa walioitazama alikuwa mtu wa misitu.

Wakaja kwa adabu, wakapima, wakatuonyesha ramani. Nusu ya msingi wetu ilikuwa ndani ya msitu. Mimi nikabisha, "Msitu gani? Hapa ni pwani." Kumbe mikoko ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932. Babu yangu hakuwa amezaliwa. Sisi tuliozaliwa na simu mkononi hatukuwa na habari.

Tukampigia mfadhili tukidhani atatutetea. Yeye akauliza kitu kimoja tu: nakala ya leseni ya mazingira. Hatuna. Basi tafuteni. Tukaanza kutafuta ndo tukajua ni kazi ya miezi, na yeye mwaka wake wa fedha ulikuwa unakwisha. Ukakwisha. Sehemu ya pili ikaenda kwa watu wengine.

Lakini kilichoniuma hasa hakikuwa hicho. Kuna mzee mmoja hapa, nahodha wa mashua, sote tunamwita Ami. Mambo yalipokufa alikuja akasimama kwenye zile nguzo, akanionyesha alama kwenye mti wa mchu, juu ya kichwa changu kidogo. Akasema, "Mwanangu, bamvua likikutana na mvua za masika, maji yanafika hapa." Nikamwuliza mbona hakusema siku zote hizo. Akanijibu, "Mliniuliza?"

Yaani hata tungejenga, hata bila mtu wa misitu, hata pesa zingekuja zote, bahari ingeingia kwenye mashine za barafu ndani ya mwaka wa kwanza. Na aliyekuwa anajua alikuwa anakaa mita mia mbili kutoka tulipokuwa tunamwaga simiti.

Hapo ndo nikaanza kuisoma hii kitu inaitwa tathmini ya athari za mazingira. Na nikaona kwamba sisi vijana tumeielewa kinyume kabisa.

Tunadhani ni muhuri. Kitu unachokifuata mwisho, ukishajenga, ili usisumbuliwe. Sheria yenyewe haisemi hivyo. Sheria ya usimamizi wa mazingira ya Kenya ilipitishwa 1999 na kuanza kazi Januari 2000, na kifungu cha 58 kinamtaka mwenye mradi apeleke ripoti yake kwa NEMA kabla ya kuufadhili mradi au kuuanza. Soma tena hapo. Kabla ya kuufadhili. Yaani hata pesa zenyewe zinatakiwa zisubiri karatasi. Sisi tulianza na simiti.

Na haimaanishi kila mtu anafanya utafiti wa kurasa elfu. Tangu mabadiliko ya 2019, miradi imepangwa kwa hatari yake: ndogo, ya kati na kubwa. Wenye hatari ndogo unapeleka ripoti fupi. Wa kati, ripoti pana zaidi. Wa hatari kubwa ndo unafanyiwa utafiti kamili, na huko lazima watu walioguswa na mradi waitwe, waelezwe na wasikilizwe: mabango pahali pa wazi, matangazo gazetini na redioni, mikutano isiyopungua mitatu. Ripoti inaandikwa na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA. Mjomba wako mwenye kompyuta hawezi kukuandikia.

Swali la kwanza kabisa, kwa hiyo, ni: mradi wangu uko kundi gani? Swali hilo ni la kuuliza siku wazo linapozaliwa. Jibu lake ndo linakwambia utahitaji muda gani na pesa ngapi, na kama pahali ulipochagua panafaa au unajidanganya.

Najua kuna mtu anasema, "Dada, hizo ni sheria za kuwabana wanyonge. Matajiri wanapita tu." Nakuelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema hivyo. Lakini hebu turudi hapa hapa Kwale, tuangalie kilichompata tajiri.

Miaka ya 1990 kampuni ya Kanada, Tiomin, ilikuja Kwale kutafuta madini ya titani kwenye mchanga wetu. Mradi mkubwa, ndoto kubwa, serikali ikiuunga mkono. Ilikuwa na leseni ya kutafuta madini. Mwaka wa 2001 wakazi wa Kwale wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na mahakama ikaizuia kampuni isiendelee. Sababu? Haikuwa na leseni ya tathmini ya mazingira inayotakiwa na ile sheria mpya, ambayo wakati huo haikuwa na hata miaka miwili. Karatasi za madini peke yake hazikutosha.

Sasa fanya hesabu na mimi. Zuio ni 2001. Mradi ukapita mikono, 2010 ukachukuliwa na kampuni ya Australia, tuliyokuja kuijua kama Base Titanium. Meli ya kwanza yenye madini ya Kwale ikatoka Likoni Februari 2014. Uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa zuio alikuwa na miaka 12 au 13 meli ya kwanza ilipong'oa nanga. Muda wa kusubiri ulikuwa mrefu kuliko muda wa kuchimba.

Siwezi kusema miaka yote hiyo ilipotea kwa ajili ya karatasi moja. Kulikuwa na mashamba ya watu, fidia, fedha, bei za dunia. Lakini mradi ulioanza mguu wa kwanza mahakamani haukwenda mbio tena. Na watu waliokuwa wameambiwa wangoje ajira, wangoje fidia, wangoje kuhamishwa, walizeeka wakingoja. Hiyo ndo bei ya kuchelewa kupanga, na haikulipwa na kampuni peke yake.

Twende Lamu. Huko kulikuwa na mpango wa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, mradi wa karibu dola bilioni 2. Huu ulikuwa na leseni. NEMA iliitoa Septemba 2016. Utafiti ulifanywa, ripoti ilikuwepo, nene kama tofali. Watu wa Lamu wakakata rufaa kwenye Baraza la Taifa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 baraza likaifuta leseni. Moja ya sababu kubwa: wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Vikao vya mwanzo vilikuwa vya kujitambulisha. Ripoti ilipokuwa tayari, yenye madhara na hatua za kuyazuia, watu hawakupewa nafasi ya kweli ya kuijadili. Baraza likafananisha ushirikishwaji na oksijeni: usipokuwepo, utafiti wote ni maiti.

Mnaona tofauti? Wa Kwale hakuwa na karatasi. Wa Lamu alikuwa na karatasi isiyo na watu ndani yake. Wote wawili walisimamishwa. Kwa hiyo nikisema "karatasi kwanza" simaanishi ukimbilie muhuri. Namaanisha kazi yote inayofanya karatasi iwe na uzito: kuuliza, kupima, kusikiliza, kubadilisha ramani.

Na kuna pale ambapo hakuna aliyesimamishwa mapema. Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifunguliwa ubavuni mwa makazi ya watu mwaka wa 2007, kikaendesha shughuli zake mpaka 2014. Risasi, yale madini, si ya bunduki, ikaingia hewani, majini, ikaingia kwenye damu ya watoto. Mahakama ya mazingira ikaamua 2020 kwamba wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikakubaliana na uamuzi huo. Hesabu mwenyewe miaka kutoka 2007. Pesa inaweza kulipwa ikachelewa. Mwili wa mtoto haungoji. Kila nikimsikia mtu anasema tathmini ni kupoteza muda, nafikiria mama wa Owino Uhuru, muda wake ni nani aliyeupoteza.

Haya, tuje kwenye pingamizi la pili, ambalo ndo gumu. "Sisi vijana hatuna kazi. Mkianza habari za mazingira, wawekezaji wanakimbia."

Siliepuki hili, manake nyumbani kwetu halina utani. Vanga tuko mwisho wa Kenya. Ukitoka hapa unaingia Jasini, Tanzania. Mtu akija na mradi huku unashika kwa mikono miwili. Lakini jiulize ni nani anayekimbia. Mwekezaji wa kweli, mwenye pesa zake au za benki, anaogopa kitu kimoja kuliko vyote: kuweka pesa halafu asimamishwe katikati. Ndo maana mfadhili wetu mdogo tu alidai leseni kabla ya sehemu kubwa ya pesa. Anayekimbia akisikia neno tathmini, mara nyingi ana anachokificha, au hajafanya hesabu zake. Wote wawili hao watakuacha na nguzo nne.

Na ajira zenyewe ziko wapi? Ninyi mnaosoma hii Nairobi au Mombasa mjini mnajua Vanga kwa samaki. Ila kuna kazi nyingine. Mikoko ya Vanga, Jimbo na Kiwegu, zaidi ya hekta 460, inalindwa na wanakijiji wenyewe, na hewa ya kaboni inayofungiwa humo inauzwa, pesa zinarudi kijijini. Tulifuata nyayo za wenzetu wa Gazi, walioanza mradi wao wa Mikoko Pamoja 2013. Kwa maneno mengine, ule msitu niliokuwa nauita "pwani tu" ni mali. Ni biashara inayoingiza pesa ikiwa imesimama. Ukikata mchu na mkandaa ili ujenge chumba cha barafu, umeharibu mazalio ya samaki unaotaka kuwagandisha. Ungetufanyia tathmini ungeiona hiyo kwenye ukurasa wa pili.

Jirani zetu Watanzania walikaribia kupata somo kubwa zaidi. Miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa shamba kubwa mno la kamba katika delta ya Rufiji, kwenye mikoko. Wanakijiji wakapinga, wakafika mahakamani, na shamba lile halikujengwa. Mikoko ya Rufiji ipo mpaka leo na watu wanavua humo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikulisoma popote. Nilifundishwa na Ami na ule mti wake.

Tunapoambiwa "panga mapema", tunafikiria foleni ya ofisini. Tunadhani unaanza mapema kwa sababu serikali ni polepole. Sheria inaipa NEMA miezi mitatu kujibu ombi la leseni, na sawa, tuseme wakati mwingine kuna kuvutana. Lakini foleni si sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba pwani haionyeshi uso wake wote kwa siku moja.

Mtaalamu akija Vanga Februari, kaskazi, wakati wa maji mafu, ataona nini? Ataona ufuo mpana, mchanga mkavu, bahari iko kule mbali, watoto wanacheza. Ataandika: pahali panafaa. Aje mwezi mwandamo au mwezi mpevu, bamvua, ataona maji yameingia mpaka kwenye vichochoro vya mji. Aje masika, mto Umba umeshiba mvua za milima ya Usambara, huku kwetu hata tone halijaanguka, ataona watu wamebeba magodoro kichwani. Aje kusi, ataona mawimbi yanavyopiga na takataka zinavyosukumwa na kuganda mikokoni. Ni pahali hapo hapo pamoja. Ukiwa na wiki mbili utaona uso mmoja tu, na utaapa kwamba ndo huo.

Kwa hiyo mradi wa pwani unaotaka kuanza mwaka huu ulitakiwa uanze kuangaliwa mwaka jana. Hakuna njia ya mkato. Huwezi kumlipa mtu akuharakishie masika.

Na upo ujuzi ambao mtaalamu wa mbali hawezi kuja nao kwenye laptopu. Wapi pweza wanachimbwa na kina mama, wapi maboti yanapumzishwa kusi ikikaza, wapi makaburi ya wazee, njia gani watoto wanapita kwenda shule maji yakijaa. Vitu hivi viko vichwani mwa watu, na watu wanavitoa wakiulizwa mapema, kwa heshima, mchoro ukiwa bado ni wa penseli. Ukija kuwauliza siku gari la kokoto limeshafika, hawatakuambia kitu. Wanajua hujaja kuuliza. Umekuja kupata saini.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwenu, halafu niwaache.

La kwanza ni kwa mwenye mradi, hata awe na kibanda kimoja. Kabla hujampigia fundi, fika ofisi ya NEMA ya kaunti yako na wazo lako kwenye karatasi moja: unataka kujenga nini, wapi, ukubwa gani, maji machafu yataenda wapi. Uliza uko kundi gani. Ukiwa karibu na mikoko, pitia kwa watu wa misitu na kwa BMU yako siku hiyo hiyo. Hakikisha ardhi ni ya nani. Weka gharama ya tathmini kwenye bajeti kama unavyoweka simiti. Na kabla hujakubali pesa za mtu, mwonyeshe kalenda ya kweli, yenye masika na bamvua ndani yake. Akikataa kusubiri, bora ukatae wewe kwanza. Sisi tungemwambia mfadhili ukweli mwezi wa kwanza, pengine angetupanga mwaka uliofuata.

La pili ni kwa wewe usiye na mradi, mwenye simu tu. Mradi mkubwa ukija kwenu, iwe barabara, hoteli ya Diani, au kitu kama bandari ya uvuvi ya Shimoni, kuna tangazo. Kuna kikao. Sisi vijana hatuendi. Tunawaachia wazee, halafu tunakuja kulalamika mtandaoni tingatinga likishafika. Nenda. Uliza maswali ya kijinga: hii ikiharibika nani analipa? Ripoti iko wapi, naweza kuiona? Ikiisha kazi, mtatuachia nini? Katiba yetu, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi, na cha 69 kinaitaka serikali ihimize ushiriki wako. Usipoitumia, itatumiwa na mwenye kuja na soda na mkate kwenye kikao. Na kama leseni imetolewa na unaona haikutolewa sawa, zipo siku 60 za kukata rufaa. Sitini. Ukikaa kubishana kwenye komenti zinaisha.

La tatu ni kwa wenzangu wenye kamera. Acheni kusherehekea msingi. Mimi nilisherehekea msingi. Mheshimiwa akiweka jiwe, tunaweka mziki. Swali la "leseni ya mazingira iko wapi?" lina maneno matano tu, linaingia kwenye video ya sekunde thelathini na nafasi inabaki. Ulizeni. Mwenye nayo atakuonyesha kwa fahari. Asiye nayo, umemsaidia kabla hajapoteza pesa za watu.

Watu huniuliza kama tumekata tamaa. Bado. Kikundi kilibaki watu tisa. Tumepata pahali pengine, juu kidogo, upande wa barabara. Hakupendezi kwa picha. Hakuna bahari nyuma. Kabla ya kitu chochote tulipiga vijiti vitano ardhini, tukavitia alama za rangi, na kila bamvua mmoja wetu anaenda saa maji yakijaa anapiga picha vijiti vile. Ami ndo anatukumbusha tarehe, hana haja ya kalenda, anatazama mwezi. Masika moja tumeshaipitisha. Maji yalifika kijiti cha pili, yakasimama. Picha zote hizo zitaingia kwenye ripoti. Safari hii wamama karanga wamekaa kwenye kikao cha kwanza, na mmoja wao, mamangu, amebadilisha ramani: alitaka mlango uwe mpana wa kupita ndoo mbili kwa pamoja. Sisi hatukuwa tumefikiria ndoo.

Haijajengwa. Hata leseni hatujapata, na mfadhili mpya bado tunamtafuta. Kaskazi hii mama atamfuata tena yule tajiri saa kumi, atamuuzia kwa bei yake. Nitakuwa nimesimama pale na simu yangu, na sitakuwa na la kumwambia isipokuwa kwamba safari hii hatujamwaga hata ndoo moja ya simiti, na tunajua maji yanafika wapi.